Husahau majina? Swali lenye maana mbili

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuhusu kumbukumbu. Tatu nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinagusa dodoso, yaani yale maswali mafupi ambayo mtu hujijibu mwenyewe ili ijulikane kama akili yake imeanza kupungua nguvu. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka 31 hapa Nyanda za Juu Kusini, na tangu nistaafu nimekuwa nikisaidia watu kutafsiri na kujaribu madodoso ya afya. Nimezaliwa Rungwe, naishi Uyole.

SWALI
Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja wilayani Mufindi. Wazee wengi wanaletwa kwetu na wajukuu wakisema "bibi siku hizi anachanganya mambo". Nikaona nitengeneze dodoso fupi ambalo mzee atajibu mwenyewe, ili tujue nani apelekwe hospitali. Nilichukua maswali ya Kiingereza, nikayatafsiri, nikawasomea wazee 34 waliokuja kliniki ya presha. Matokeo yamenishangaza. Kwenye swali "Je, una shida katika kushughulikia masuala ya fedha?", 31 walisema ndiyo. Kwenye "Je, husahau majina ya watu unaowafahamu?" walikuwa nusu kwa nusu, na mzee mmoja mwenye akili timamu kabisa, mwenyekiti wa kijiji wa zamani, alisema ndiyo huku amenikazia macho. Nimekosea wapi, na nianzie wapi upya? Karatasi yenyewe nimeiambatanisha. (Muuguzi, Mufindi)

JIBU
Marahaba mwanangu. Pole na kazi, na asante kwa kutuma karatasi. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti, kwa sababu wazee wako hawakuisoma; waliisikia kutoka kinywani mwako.

Tuanze na huyo mwenyekiti wa zamani. Hakukujibu vibaya. Ulimuuliza "husahau majina?" naye akasema ndiyo, kwa maana ya "ndiyo, sisahau, kwani wewe ulidhani nini?" Ndiyo maana akakukazia macho. Tazama lugha yetu ilivyokutega. Kitenzi kama kupika kinatuokoa kwa irabu ya mwisho: "hupika" ni mazoea, "hupiki" ni kukanusha. Lakini kusahau ni neno tulilopokea kutoka Kiarabu, mwisho wake haubadiliki. "Husahau" ya mazoea na "husahau" ya kumwambia mtu kwamba hasahau zinaandikwa sawa na zinatamkwa sawa. Neno ambalo dodoso la kumbukumbu haliwezi kuliepuka ndilo lenye sura mbili. Nusu ya wazee wako walijibu swali moja, nusu wakajibu lingine, na wewe ukayajumlisha kwenye safu moja.

Naandika hivi kwa uchungu kwa sababu nami nililiacha neno hilohilo likapita. Tulikuwa tumeshachapa nakala 200 za dodoso letu la kumbukumbu na tumeshatembelea kata mbili, ndipo mama mmoja mwalimu mstaafu akaniuliza, "Mwanangu, unauliza kama nasahau au kama sisahau?" Nakala zote zikawekwa kando, na majibu ya wazee wa zile kata mbili hayakutumika. Wale watu walikuwa wametupa muda wao, wengine walisimamisha palizi kutusikiliza.

Kwa hiyo swali la ndiyo au hapana lisibebe ukanushi wowote, wala kitu kinachofanana na ukanushi. "Hukumbuki ulipoweka vitu?" nalo ni baya vilevile, maana kwa Kiswahili anayesema ndiyo anaafikiana nawe: ndiyo, sikumbuki. Anayesema hapana huenda anakumbuka, au huenda anakazia kwamba hakumbuki. Sema: "Siku hizi unasahau majina ya watu kuliko zamani?" Hapo hakuna pa kujikwaa.

Sasa fedha. Wale 31 wamesema kweli: wana shida ya fedha, maana fedha hawana. Ulipotafsiri uliyahamisha maneno, maisha yake ukayaacha ng'ambo. Najua swali lile linatoka kwenye dodoso liitwalo AD8, lililotungwa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, likatolewa mwaka 2005. Lina maswali manane tu, na mtu mwenye majibu mawili au zaidi ya "ndiyo, kuna badiliko" hushauriwa achunguzwe zaidi. Ni dodoso zuri sana kwao. Lakini mifano yake ya fedha ni kusawazisha hesabu za hundi, kodi ya mapato na bili. Mifano yake ya vifaa ni deki ya video, kompyuta, maikrowevu na rimoti. Bibi wa Mufindi aliyechuma chai maisha yake yote hajawahi kuandika hundi, basi badiliko lake halitaonekana kwenye hundi. Litaonekana kwenye chenji ya noti ya elfu kumi baada ya kununua sukari na sabuni. Litaonekana kwenye zamu yake ya kikundi cha kuweka na kukopa: zamani alijua nani amechukua, nani bado, bila daftari, sasa anauliza mara mbili katika kikao kimoja.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie upya: kwenye masikio yako. Kabla ya kutunga swali hata moja, kaa na wazee, wanawake peke yao na wanaume peke yao, na uwaache waongee Kihehe au Kibena kama wanavyojisikia. Usiwaulize habari za ugonjwa. Waulize, "Mtu wa hapa akianza kupungua akili, nyie mnamtambuaje?" Kisha nyamaza na uandike maneno yao kama yalivyo. Nilipofanya hivyo kwetu Rungwe nilipata mambo ambayo kitabu hakikuwa nayo. Anatia chumvi mboga iliyokwisha kutiwa. Anasimama njia panda ya shamba lake mwenyewe. Anaagiza salamu zipelekwe kwa mtu aliyezikwa mwaka jana, na mazishini alikuwepo. Anaanza kusuka mkeka, anauacha, anaanza mwingine. Mzee mmoja alisema jambo nalikumbuka hadi leo: "Anacheka watu wanapocheka, lakini anachelewa kidogo." Ukiwa na maneno ya namna hiyo arobaini au hamsini, ndipo uanze kuyageuza maswali, ukijua kwamba mwisho yatabaki kumi au kumi na mawili.

Kila swali lipime badiliko. Kuna mtu hajawahi kushika majina ya watu tangu ujana wake, huyo si mgonjwa. Na kuna mama aliyekuwa anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa jumuiya, sasa anakumbuka za wajukuu wake tu. Kwa macho ya jirani bado yuko vizuri, kumbe ameshuka mno. Mtu hulinganishwa na jana yake mwenyewe. Ila "miaka mitano iliyopita" kwa mzee ni maneno matupu. Mpe kitu cha kushika: "kabla ya korona", au "kabla mjukuu wako huyu hajaanza shule". Na majibu yasiwe ngazi saba za mara chache, mara chache kiasi, mara kadhaa. Yatosha "ndiyo, imebadilika", "hapana, ni vilevile" na "sijui, au sijawahi kufanya jambo hilo". Hilo la tatu usilidharau. Swali la kukumbuka namba ya siri ya simu ni zuri kwa mzee anayetoa hela mwenyewe kwa wakala, lakini kwa yule ambaye simu yake inashikwa na mjukuu halina maana, na ukimlazimisha achague ndiyo au hapana atachagua litakalomridhisha nesi.

Maswali ya Kiswahili yakishatulia, mtu wa pili ayapeleke Kihehe, na mtu wa tatu ambaye hajaona karatasi yako ayarudishe Kiswahili. Pale matoleo mawili yanapopishana ndipo pana tatizo. Kisha chukua wazee wachache, kumi hivi, msomee kila mmoja swali na umuulize, "Kwa maneno yako, nimekuuliza nini?" Siku hiyo moja ingekuonyesha tatizo la fedha na tatizo la husahau kabla hujawafikia hao 34.

Halafu waliojibu umewatoa wapi? Kliniki ya presha. Aliyefika kliniki ya presha ni yule anayekumbuka tarehe ya kliniki, au mwenye mtu wa kumkumbusha. Unayemtafuta wewe huenda yuko nyumbani amekaa juani, tarehe yake imepita miezi miwili iliyopita. Mfuate huko, ukiwa na mhudumu wa afya ya jamii anayejulikana kijijini.

Hesabu za kitaalamu mtafute mtakwimu akusaidie. Utahitaji watu wa kutosha (wengi hushauri watano hadi kumi kwa kila swali), utawarudia baadhi yao baada ya wiki mbili uone kama majibu yanasimama palepale, na atakupigia alfa ya Cronbach, kipimo cha tangu 1951 kinachoonyesha kama maswali yanakwenda pamoja. Ikizidi sana kuelekea moja usishangilie; mara nyingi maana yake umeuliza jambo lilelile mara tano.

Kazi kubwa zaidi ni kulipima dodoso kwa daktari. Kundi la wazee wajibu maswali yako, kisha daktari au mtaalamu wa afya ya akili awachunguze wote, waliopata alama nyingi na waliopata chache, bila yeye kujua nani alipata ngapi. Hapo ndipo utajua alama ya kikomo iwekwe wapi, yaani kuanzia alama ngapi mzee apelekwe mbele. Na hapa nakuomba uchukue kalamu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wenye miaka 70 na zaidi ulikuta dimensia, yaani ugonjwa wa akili kupungua nguvu, kwa asilimia 6.4. Tuseme kwa mfano wa kubuni tu una wazee 1,000 na 60 kati yao wana dimensia. Dodoso lako likiwa zuri kiasi cha kuwakamata wanane katika kila kumi walio nayo, litawakamata 48, na 12 litawakosa. Likiwa pia linawaacha salama wanane katika kila kumi ya wazima, basi kati ya wazima 940 litawagusa kimakosa 188. Jumla utaita watu 236 waende hospitali, na wenye ugonjwa ni 48 tu. Hao 188 watauza kuku, watapanda daladala mpaka Mafinga au Iringa mjini, watalala kwa ndugu, na watarudi kijijini watu wakiwa wameshasikia kwamba "nesi amesema fulani akili imeruka". Unajua mwenyewe kwamba kuna vijiji ambako bibi anayepotea njia usiku hasemwi kuwa mgonjwa, anasemwa kwa jina baya zaidi.

Kwa hiyo katikati weka hatua ya pili hapohapo zahanati: kipimo kifupi ambacho mzee anafanya kitu mbele yako. Hapa usikimbilie vile vinavyodai kalamu. Kile kipimo maarufu cha alama 30 cha mwaka 1975, MMSE, kinamtaka mtu aandike sentensi na anakili pembetano mbili zilizoingiliana. Asiyewahi kukaa darasani atashindwa akiwa mzima wa afya. Wale watafiti wa Hai na wenzao wa Nigeria walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA, na badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti kwa kuiga umbo alilopangiwa. Kila nyumba ina kiberiti, hata mwenye kidole kigumu kwa jembe anaweza. Mzee aliyeguswa na dodoso lako na akashindwa pia hapo, huyo mwandikie rufaa.

Mwisho, maswali uliyoyachukua yana wenyewe. Baadhi ya vipimo hivi vina hakimiliki na lazima uombe ruhusa kwanza. Na ukitaka kuyatoa matokeo kama utafiti, kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kitangulie, pamoja na barua ya halmashauri.

SWALI
Shikamoo Mama. Naishi Dar es Salaam, mama yangu ana miaka 74, yuko nyumbani kwetu Rungwe na mtoto wa marehemu kaka. Waliletwa watu kijijini wakawauliza wazee maswali ya kumbukumbu. Mama alijibu hapana yote, akaambiwa ni mzima. Lakini fundi wa paa amemlipa mara mbili, na mwezi uliopita jirani alimkuta anakwenda sokoni Jumapili asubuhi amebeba ndizi wakati wenzake wako kanisani. Mimi nikimpigia simu yuko sawa kabisa, ananiulizia wote mmojammoja. Nimwamini nani? (Binti, Dar es Salaam)

JIBU
Marahaba binti yangu. Mwamini fundi wa paa, na mwamini jirani. Mama naye hakudanganya.

Nikusimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu, vijiji vya hukohuko kwenu. Tulikaa barazani kwa bibi mmoja, mvua inanyesha, mjukuu wake wa miaka kama kumi na mmoja anamenya maharage mabichi pembeni. Nikauliza, "Bibi, siku hizi unapoteza vitu kuliko zamani?" Akacheka. "Mimi? Sijawahi kupoteza kitu." Na wakati anasema hivyo vidole vyake vilikuwa kwenye pindo la kanga, anafungua fundo analofungia hela. Tupu. Akafunga tena. Akaenda pindo la pili, tupu. Akarudi la kwanza kama mtu ambaye hajawahi kulifungua. Mtoto akaacha maharage, akaingiza mkono chini ya mkeka, akatoa sarafu mbili na noti iliyokunjwa, akazifunga kwenye pindo bila kusema neno. Tulipokuwa tunaondoka nikamuuliza, akaniambia, "Kila siku namrudishia."

Kwenye karatasi yetu bibi yule alipata sifuri, maana yake hana tatizo. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Mwanzoni mtu anajijua, analalamika, anaogopa, na hapo kumuuliza mwenyewe kuna faida kubwa. Unavyozidi kuingia unakula pia ile sehemu ya akili inayojitazama. Asiyekumbuka kwamba amesahau atakujibu kwa dhati kabisa kwamba hasahau. Kwa hiyo dodoso la kujijibu likisema "kuna badiliko" lisikilizwe, na likisema "hakuna" lisiwe hukumu. Waliokuja kijijini kwenu walitakiwa wamuulize na mtu anayeishi naye.

Madodoso ya ndugu yapo. La Australia la mwaka 1989, IQCODE, linamtaka ndugu amlinganishe mgonjwa na alivyokuwa miaka kumi nyuma; lilikuwa na maswali 26, baadaye likafupishwa yakabaki 16. Na lile AD8 nililolitaja juu lilitungwa kwanza kwa ajili ya ndugu.

Lakini ndugu yupi? Hapa nisamehe, si wewe. Wewe unamsikia mama kwa simu, na kwenye simu kwetu nusu ya mazungumzo ni salamu. Umelalaje, watoto hawajambo, baba watoto, majirani, mvua huko ikoje. Mama ameimba wimbo huo tangu utotoni. Ni kitu cha mwisho kuondoka. Nimewaona wazee wasiojua wako mwaka gani wakisalimiana kwa dakika kumi bila kukosea hata mahali pamoja, na mgeni akatoka akisema mzee yuko imara. Anayejua ni huyo mtoto wa kaka anayekula naye, anayeona chumvi na anayefuata sufuria iliyoachwa motoni. Ikiwa ni binti mdogo, muulize polepole na umwambie wazi kwamba hamchongei bibi.

Nunua daftari la kurasa 40, likae naye. Aandike tarehe na tendo: "alilipa fundi mara mbili", "aliamka kwenda shamba saa nane usiku". Asiandike "bibi amechanganyikiwa", hilo halimsaidii daktari. Baada ya wiki tatu utakuwa na dodoso bora kuliko langu. Ukija likizo msimsomee mama mbele ya watu kama mashtaka. Mwambie unataka mkapime presha na macho, ambavyo ni kweli mtavipima, na mwambie pia kwamba utamweleza daktari habari ya kusahau. Ni mtu mzima, mwili ni wake.

Hospitali waombe waangalie yanayotibika. Masikio, kwanza; mzee asiyesikia vizuri anaonekana amepungua akili kumbe hakusikia ulichosema. Sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende, na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Dawa anazomeza, zote. Na kama siku moja atabadilika ghafla, ndani ya saa au siku mbili, akaanza kuweweseka au mdomo ukaenda upande, hiyo si habari ya daftari. Aende hospitali siku hiyohiyo.

SWALI
Habari za kazi Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari Mbeya mjini, miaka 48. Tangu mke wangu afariki mwaka jana nasahau sana: majina ya wanafunzi, nimeweka wapi chaki, hata nimeingia darasa lisilo langu. Usingizi hakuna. Mwenzangu alinitumia dodoso kwenye simu, nikapata alama 9 kati ya 12, ikaandikwa niko hatarini. Tangu hapo nasubiri nipotee kabisa. Wiki tano zilizopita nilianguka na bodaboda pale Mafiati lakini sikuumia, ni kichwa tu kinauma asubuhi. Je, ni dimensia? Watoto wangu bado wadogo. (Mwalimu, Mbeya)

JIBU
Mwalimu, pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma jana usiku na leo nimeamua jibu likufikie kwanza kwa simu kabla ya kuchapwa hapa, kwa sababu ya sentensi moja ndani ya barua hiyo. Naliweka hapa wengine nao walione.

Kuhusu zile alama 9. Mtu mwenye huzuni nzito au asiyelala hujaza dodoso la kumbukumbu kwa alama za juu sana. Akili haipokei jambo kwa sababu iko kwingine, na kisichopokelewa hakikumbukwi. Tena mwenye sonona hujihukumu vikali. Kosa ambalo mwaka juzi ungelicheka leo unaliandikia ndiyo. Malalamiko ya mtu mwenyewe kuhusu kumbukumbu mara nyingi yanaendana na sonona na wasiwasi kuliko yanavyoendana na vipimo vya kumbukumbu. Kwa hiyo dodoso linalompima mtu mzima kumbukumbu bila kumuuliza habari ya usingizi na huzuni ni dodoso pungufu. Hilo lako sikuona swali hata moja la hayo. Wala halikuuliza umri. Barua yako mwenyewe, yenye mpangilio, tarehe na majina ya mahali, imeniambia mengi kuliko zile alama. Sonona inatibika, na kumbukumbu mara nyingi hurudi nayo. Kutibiwa huzuni si kumsahau mama watoto.

Sentensi niliyoisema ni ile ya bodaboda. "Sikuumia, ni kichwa tu kinauma." Mtu akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, ikakusanyika kwa wiki kadhaa, ikaleta maumivu ya kichwa, usingizi wa ajabu, kusahau na kuchanganya mambo. Hata mtu ambaye hakuzimia siku ya ajali. Kusahau kwako kulianza kabla ya ajali, hilo nimelisoma, lakini kichwa kimeanza baadaye, na hakuna dodoso la simu litakalokwambia kama hayo mawili yanahusiana au la. Picha ya kichwa ndiyo itakayosema. Ikikutwa damu, wapasuaji wanaweza kuiondoa.

Nenda wiki hii, usingoje mitihani iishe. Nenda hospitali kubwa, usiishie duka la dawa, na sema maneno haya kwanza kabla ya mengine yote: "Nilianguka na pikipiki wiki tano zilizopita, sasa kichwa kinauma kila asubuhi." Ukianza na habari ya kusahau na msiba watakupeleka upande mwingine, na huko utakwenda baadaye, kwa utulivu. Mchukue mtu afuatane nawe. Ukitapika, mkono au mguu ukikosa nguvu, au usingizi ukikulemea mchana, usingoje hata kesho. Na beba vidonge vyote unavyomeza, pamoja na vile vya mafua na vya usingizi ulivyonunua bila cheti, uviweke mezani mbele ya daktari.